Sisi wa Transfoma Moja

Ndugu zangu wa Kericho na Bomet,

Nawaandikia sasa kwa makusudi, kabla bonasi ya majani chai haijaingia, maana ikishaingia hakuna anayesikia la mwenzake. Ukifika mwezi wa kumi mambo huwa yale yale. Boda boda inapanda kutoka Litein, abiria amekumbatia runinga ya inchi 43 kama mtoto mgonjwa. Pikapu inaelekea Mogogosiek na friji tatu zimesimama nyuma, zimefungwa kamba ya katani. Wiki chache baadaye, saa tisa alasiri, upepo wa ziwa unakutana na vilima vyetu, wingu linajijenga, radi inapiga mara mbili, stima inapotea. Inaporudi, inarudi na hasira. Kesho yake asubuhi fundi ana foleni mlangoni.

Mimi mwenyewe nimezika friji. Na si kwamba nilikuwa nimejiachilia tu: nilinunua ekstensheni ya shilingi mia sita ambayo boksi lake liliapa kwa herufi kubwa kwamba inakinga vifaa vya nyumbani. Friji ilipokufa nikaibeba ile ekstensheni hadi kwa fundi. Akafungua skrubu nne, akaifunua juu ya meza. Ndani mlikuwa na vipande vya shaba vyembamba kama ganda la kitunguu, swichi, na kitaa chekundu. Akakigonga kile kitaa kwa ncha ya bisibisi. “Mzee, kinga yote ndiyo hii. Inakuonyesha kwamba stima ipo. Si ungewasha tu balbu?” Nilicheka, ingawa friji ilikuwa imenila shilingi elfu arobaini.

Akafungua nyingine, ya bei mara nne ya yangu, nikaona tofauti kwa macho. Kulikuwa na vidonge bapa vya buluu, ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi, vinavyoitwa varista, vilivyotengenezwa kwa unga wa oksidi ya zinki uliochomwa. Volti zikiwa za kawaida, varista inakaa kimya. Zikiruka, inafungua njia na kuumwaga umeme wa ziada kwenye waya wa nyutro na ardhini kabla haujafika kwenye runinga. Kila pigo linaila kidogo. Siku moja inakufa, na ekstensheni inaendelea kuleta stima kama vile hakuna msiba. Ndiyo maana ekstensheni nzuri ina taa ya pili, ya kuonyesha kwamba kinga bado ni hai. Taa hiyo ikizimika, ekstensheni imebaki waya mtupu. Kwenye boksi tafuta volti, ziwe zetu za 240, na utafute jouli, yaani uwezo wa kustahimili mapigo. Jouli zikiwa nyingi ndio heri. Boksi lisilotaja jouli hata moja, liache hapo hapo dukani.

Wenye jamaa Marekani, na hapa kwetu tuko wengi, msiagize ekstensheni kutoka huko. Za kule ni za volti 120. Ukiichomeka Kaplong, varista yake inaiona stima yetu kama radi isiyokwisha. Inaungua, na inaweza kuwasha moto. Mwambie akuletee viatu vya kukimbilia.

Hayo ni ya dukani, na kila mtu anaweza kuyafanya peke yake. Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Varista ni ya pigo la kufumba na kufumbua. Vifaa vyetu vingi havifi kwa pigo hilo. Vinakufa kwa nyutro. Transfoma ya kijijini ya fezi tatu hutoa nyaya tatu za moto na waya mmoja wa nyutro, na nyumba yako inachukua mmoja wa moto pamoja na nyutro: volti 240. Kati ya moto na moto kuna 415. Tawi likiangukia laini na nyutro ikakatika, nyumba yangu na ya jirani aliye kwenye waya mwingine wa moto zinajikuta zimefungwa pamoja ndani ya zile 415, na stima inagawanywa vibaya. Aliyewasha vitu vingi anapata kidogo, taa zake zinafifia. Mama mjane mwenye balbu moja na redio ndiye anayepokea volti nyingi zaidi. Balbu inang'aa kama ya uwanja wa mpira, kisha inapasuka. Hali hiyo inaweza kudumu dakika nyingi, hata saa nzima, na varista haihimili hata sehemu ndogo ya muda huo.

Kinachosaidia hapo ni gadi, ile ya friji au ya runinga. Gadi inapima volti muda wote. Zikipita kiwango, nyingi huweka karibu 260, inakata. Zikishuka mno pia inakata, maana mota ya friji huungua hata kwa stima dhaifu. Stima ikirudi, gadi ya friji inangoja dakika kadhaa kabla ya kufungulia. Watu hulalamika kwamba imeharibika. Haijaharibika, iacheni ingoje. Na ukiona taa zako zinang'aa kupita kiasi huku za jirani zinafifia, usisubiri gadi ya mtu: zima swichi kuu, piga kelele jirani naye azime, kisha pigia Kenya Power 97771.

Lakini tawi lililokata nyutro lilitoka wapi? Tusidanganyane. Ni letu. Tumepanda blugamu hadi chini ya nyaya kwa sababu kuni za kiwanda zina soko, na kila jioni ya upepo tunaomba Mungu azishike. (Cha ajabu, nguzo yenyewe ya stima mara nyingi ni blugamu iliyotiwa dawa. Mti mmoja unashika waya, ndugu yake anaukata.) Hakuna gadi ya kumkinga mtu na mti wa jirani.

Na athi je? Ile fimbo iliyopigwa ardhini nje ya ukuta siku mlipoungiwa stima, ni nani amewahi kuiangalia tena? Nimeziona nyumba ambako waya wake ulishaliwa na kutu, na nyingine ambako fimbo yenyewe iling'olewa ikaishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani ya nyumba tunafungua soketi ya miguu mitatu kwa biki ili tuingize plagi ya miguu miwili. Mguu ule wa juu, mrefu, ndio wa athi. Bila athi, varista ya bei ghali inakosa mahali pa kumwaga ule umeme uliopaswa kwenda ardhini.

Kwa hiyo ninachowaomba ni kikao. Tuna vikundi vya mazishi, vya ng'ombe, vya karo. Mbona hatuna cha transfoma? Kaya zote zinazokula stima ya transfoma moja zikutane siku moja kwenye kituo tunapopimia majani, kabla lori la kiwanda halijafika. Tembeeni mkifuata laini kutoka nguzo hadi nguzo, mwandike miti inayoegemea. Mwenye mti akubali hapo hapo, mbele ya watu, kwamba utakatwa, lakini asipande yeye mwenyewe na panga: waiteni wa Kenya Power wazime laini kwanza. Changeni mumwite fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati) aje na mita yake apime athi za nyumba zote kwa siku moja. Safari ya nyumba moja ni ghali. Ya nyumba thelathini inagawanyika. Gadi nazo nunueni kwa jumla, mkidai risiti na hakikisho la mwaka, na ya kwanza ifunguliwe mbele ya wote.

Mkiharibikiwa, lalamikeni pamoja. Sheria ya Nishati ya 2019 inatambua fidia kwa mteja ambaye mali yake imeharibiwa na stima mbovu, na asiposikilizwa na kampuni ana njia ya kwenda EPRA. Ila anayekwenda peke yake bila saa ya tukio, bila picha, bila namba ya ripoti, hupewa pole. Nyumba thelathini zenye saa moja na namba moja ni habari nyingine.

Wazee wanakumbuka kwamba tumewahi kuona muungano mkubwa kuliko huu. Kericho inajulikana duniani kwa mvua ya mawe. Kuna mwaka uliohesabiwa siku 132. Miaka ya 1960 kampuni za chai zilirusha roketi mawinguni, kisha zikalipia ndege za kumwaga iodidi ya fedha, ili kuokoa majani. Walipigana na wingu lenyewe! Sisi tunaombana tawi na fimbo ya shaba tu.

Radi ikianza kunguruma mbali, chomoa plagi, na waya wa dishi pia, kwa kuwa radi ikipiga karibu hakuna kifaa cha dukani kitakachoizuia. Ikishafika juu ya paa usiguse tena.

Mwenyekiti wa kituo chenu mnamjua. Mpigieni leo, mwambieni awape Jumamosi moja kabla ya bonasi.