SEHEMU YA 6: "Umenawiri!" Kumbe ni dawa

Jana tuliongelea usingizi. Leo unene, maana meseji zenu nyingi zinauliza hilo.

Dada mmoja alianzishiwa amitriptilini kwa ajili ya sonona. Miezi michache baadaye analala vizuri, anaongea, amerudi kazini. Ila magauni hayafungi zipu. Mtaani wanamsifia, "umenawiri mama!" Akifika nyumbani analia. Akaacha vidonge ghafla, kimyakimya. Haukupita muda mama yake akamleta, hali mbaya kuliko mwanzo.

Wenzangu msininunie, kosa hapa ni letu. Tulimpa dawa bila kumwambia kwamba inaongeza hamu ya kula, inakausha mdomo na kufunga choo. Hata kwenye mzani hatukumpandisha! Mdomo ukikauka mtu anashindia soda, kilo nyingine zinatoka hapohapo. Maji jamani, maji.

Ukianza dawa, omba upimwe uzito siku hiyohiyo, uandikwe kwenye kadi. Kilo zikipanda, rudi useme, usione aibu. Dozi inaweza kuangaliwa upya, au ukabadilishiwa. Fluoksetini kwa kawaida hainenepeshi kama hii. Kuacha ni polepole, na daktari wako akijua.

Na huyo anayekuambia "si upunguze kula tu" hajawahi kuamka saa nane usiku anasaka kiporo jikoni kama ana mimba.

Kesho: dawa na hamu ya tendo la ndoa. Wanaume msikimbie.