Tusimwonee Maji Moto

Msomaji, nenda katika shamba lo lote la minazi, Kilifi au Kwale, ukamwulize mwenyewe ni chungu gani amchukiaye kupita wote. Pengine atakujibu bila kusita: maji moto, yule mwekundu akaaye mitini. Kisha atakuonyesha viota alivyovichoma kwa mwenge. Nami nasema mwenge huo umeunguza mazao yake mwenyewe.

Tuwalinganishe chungu wawili. Maji moto hujenga juu. Vibarua wake hushikana viuno, wakavuta majani mpaka yakutane, na wenzao huwabeba kinywani watoto wa kundi, ambao hutoa uzi wa kuyashonea. Kutoka humo huwinda wadudu wapandao mtini. Chungu wa pili ni mdogo, wa hudhurungi, na askari wake wana vichwa vikubwa. Hukaa udongoni, chini ya shina. Kuuma kwake si kitu, basi hakuna amlaumuye.

Sasa zitazame kazi zao. Yuko mdudu afyonzaye vidaka, vikapukutika kabla ya kuwa vitale, seuze madafu. Maji moto humkamata na kumfukuza. Yule mwenye kichwa kikubwa hamzuii. Tena huwapiga vita maji moto na kuwaondoa mtini. Haya sikuyabuni: wataalamu waliyachunguza katika minazi ya Unguja miaka ya 1950. Nao Wachina, tangu mwaka 304, waliandika habari za chungu wa ukoo wa maji moto, waliouzwa sokoni ili walinde michungwa. Wao walimnunua mlinzi, sisi tunamchoma!

Utasema, "Lakini mkwezi huumwa." Kweli, huumwa, nami nimeumwa. Lakini uchungu ule hupoa siku ile ile, na mkwezi aweza kujipaka majivu mikononi. Kidaka kilichoanguka hakirudi mtini. Wewe usomaye ukurasa huu, huenda karo yako imetoka katika nazi.

Kosa letu ni kumpima kiumbe kwa maumivu anayotupa, tusiulize anatulinda na nini. Wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako; nao hawakusema kwamba lazima kiume kwa kelele. Basi, kijana, siku baba yako atakapowasha mwenge, mwombe kwa adabu auzime, umweleze sababu.