Anayeliogopa Somo la Siasa Anaogopa Nini?



Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, huzuka maneno yale yale. Kijana akisema kwamba anataka kwenda chuo kikuu kusoma sayansi ya siasa, jamaa zake humkatiza: "Somo hilo litakulisha nini?" Na baadhi ya viongozi, ambao wao wenyewe hulishwa na siasa asubuhi na jioni, husimama majukwaani kutangaza kwamba nchi haina haja ya masomo ya namna hiyo. Sisi twasema kwamba dharau hiyo ina historia yake.

Tukumbushane. Mwezi Juni mwaka 1982 Bunge lilitia Kifungu cha 2A katika Katiba, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa nguvu ya sheria. Mwaka uo huo wahadhiri Willy Mutunga, Al-Amin Mazrui, Edward Oyugi, Kamoji Wachiira na Mukaru Ng'ang'a waliwekwa kizuizini pasipo hukumu ya mahakama, naye mwanahistoria Maina wa Kinyatti akafungwa miaka 6. Titus Adungosi, kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alihukumiwa miaka 10, akafia gerezani mwaka 1988. Wahadhiri hao hawakuwa walimu wa siasa: mmoja alifundisha sheria, mwingine isimu, mwingine historia. Lakini wote walituhumiwa kwa jambo moja, kwamba walikuwa wakiwafundisha vijana kuuliza mamlaka yatoka wapi na ni ya nani. Hilo ndilo swali la kwanza la sayansi ya siasa. Dola haimfungi mtu kwa sababu ya somo lisilo na maana.

Ujinga wa siasa umetugharimu. Katika uchaguzi wa Desemba 1992, upinzani ulipata kura nyingi kuliko KANU, lakini ukashindwa. Moi alirudi Ikulu kwa takriban asilimia 36 ya kura, kwa kuwa Matiba, Kibaki na Odinga waligawana zilizobaki. Sheria haikudai nusu ya kura zote; ilidai kura nyingi kuliko mwingine yeyote, pamoja na asilimia 25 katika mikoa 5 kati ya 8. Wizi na vitisho vilikuwepo, lakini kanuni yenyewe ilikuwa mtego, nao upinzani uliuingia macho wazi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyefundishwa vyema mifumo ya uchaguzi angeuona mtego huo mapema. Ndiyo maana Katiba ya 2010 yadai zaidi ya nusu ya kura zote, na asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47.

Tazameni pia mwaka 2024. Vijana waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakaufafanua kwa lugha za mama zao, wakauliza kwa nini mkate utozwe ushuru. Juni 25 waliandamana hadi Bungeni. Baadhi yao waliuawa kwa risasi. Siku iliyofuata Rais alikataa kuutia sahihi mswada huo. Nani atathubutu kusema kwamba kuijua serikali ni anasa?

Hatusemi kwamba idara za siasa hazina lawama. Wapo wasomi walioazima kalamu zao kwa watawala, na wapo wanafunzi wanaokariri nadharia za Ulaya bila kuingia hata siku moja katika bunge la kaunti yao. Tena twajua kwamba kazi ni adimu na karo ni mzigo kwa mzazi aliyeuza ng'ombe. Lakini mhasibu naye huikosa kazi nchi ikitawaliwa kwa upendeleo. Ajira yenyewe ni jambo la siasa.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, viongozi waache kuwadhihaki vijana wanaolichagua somo hili. Pili, mafunzo yake yafungamane na Katiba na bajeti, na yatolewe kwa Kiswahili pia, lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7. Tatu, uhuru wa taaluma uliomo katika Kifungu cha 33 ulindwe kwa vitendo, mhadhiri asitishwe wala mwanafunzi asifukuzwe kwa sababu ya fikra zake.

Nawe mzazi, mwanao akikuambia kwamba anataka kusoma siasa, usimkemee. Muulize atawafaa nini wenzake kwa elimu hiyo. Akiwa na jibu, mpe baraka zako. Wapo wasiotaka alipate jibu hilo, na hao ndio waliotunyima kura, kalamu na kauli kwa miaka mingi. Tusiwasaidie kazi yao.