Kifua Kinabana, Nami Naleta Maziwa!

Jamani wasomaji wangu, mwezi huu nina la moyoni kweli. Saa nane usiku mume wangu ananiamsha, mkono kifuani: “Mama Junior, kifua kinabana.” Jioni tulikula nyama choma na pilipili ya kutosha, nikajua ni kiungulia tu. Nikampa maziwa, tukakaa nusu saa nzima tukisubiri!

Lakini kiungulia nakijua. Kinachoma, kinapanda kooni, ukilala kinazidi, mdomoni unasikia uchachu. Yeye anasema hakichomi, ni kama mtu kamkalia. Nikambonyeza, maana misuli ikivutika huuma zaidi ukiigusa au ukijigeuza. Wala. Avute pumzi ndefu? Nimonia huchoma kama kisu hapo, tena huja na homa na kikohozi. Hana. Kuwasha taa, jasho la baridi linamtiririka, mkono wa kushoto na taya vinauma. Sikungoja tena, teksi hadi hospitali.

Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba. Mtu wa miaka 38!

Daktari akaniambia hata kama maziwa yangemtuliza, isingekuwa ushahidi kwamba moyo ni mzima. Na sisi akina mama tusijisahau: kwetu unaweza kuja kama uchovu wa ghafla, kichefuchefu na kukosa pumzi, kifua hakibani sana. Kubana kukipita dakika chache, shoga, usinipigie mimi simu. Nenda hospitali.

Sigara kaacha. Nyama choma bado tunagombana.