Panya wa SUA Hanusi Urani

Hapa Morogoro Mjini, mazungumzo yakigusa mionzi, hakosi mtu wa kusema: hayo ni mambo ya Japani na Ulaya. Si kweli tangu 1906. Mwaka huo mkemia Mjerumani Willy Marckwald alieleza madini mapya ya urani kutoka Lukwengule, milima ya Uluguru, kwenye miamba yenye ulanga, akayapa jina la mwanafizikia Ernest Rutherford. Haikupita miaka kumi, wanakemia Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz wakapima huko Vienna risasi iliyotokana na urani hii ya kwetu. Uzito wa atomu zake ulikaribia 206, ilhali risasi ya kawaida ni 207.2. Atomu za elementi moja, kumbe, hutofautiana uzito.

Mwingine hudakia: “Basi panya wa shirika la APOPO watatuonyesha urani ilipo.” Laiti! Panya buku wanaofunzwa pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) hunusa baruti ya TNT ya mabomu ya ardhini na harufu ya kifua kikuu kwenye makohozi. Mionzi haina harufu.

Wa tatu anatoa simu: kuna programu ya kupima mionzi. Kamera iliyozibwa hunasa miale ya gama, ila iwe mikali mno. Ile hafifu ya mawe ya kawaida huipita hivi hivi.

Dai linalonikera zaidi ni kwamba kifaa kikilia, pana hatari. Kihesabio cha Geiger hulia popote. Udongo hutoa mionzi, anga hutoa, hata potasiamu iliyo mwilini mwako. Wastani wa mionzi ya asili duniani ni milisiveti 2 hadi 3 hivi kwa mwaka. Kinalia, lakini hakisemi kimegusa nini. Upya wa teknolojia uko hapo: spektromita za fuwele, ndogo za kushika mkononi au kufungwa kwenye droni, husoma nishati ya kila mwale. Hivyo hutenganisha potasiamu, urani na thoriamu za mwamba na sesiamu-137 ya mtambo au bomu la nyuklia.

Wapo sasa wanaodai droni imeifuta maabara. Droni huona gama. Chembe za alfa huzuiwa na karatasi tu, na urani kidogo iliyoyeyuka majini haitaonekana kutoka angani. Mito ya Uluguru huingia Ruvu, na Ruvu hunywewa Dar es Salaam. Swali la kama maji hayo yana urani hujibiwa kwa sampuli ndani ya chupa, kwenye maabara kama ya Tume ya Nguvu za Atomu, Arusha.