Timu inapohama, mashabiki huambiwa mwisho

Novemba 29, 2022, Ihefu iliifunga Yanga 2-1 pale Highland Estates, Mbarali, na kukatisha safari ya Wananchi hao ya mechi 49 za ligi bila kupoteza. Wakulima wa mpunga wa Ubaruku, wilayani humo, walikuwa na timu ya kujivunia. Msimu uliofuata timu ikahamia Singida, na mwaka 2024 ikaitwa Singida Black Stars.

Singida nako majina hayakukaa. DTB, timu ya benki, ilipanda daraja 2022 ikawa Singida Big Stars, kisha Singida Fountain Gate, halafu ikabaki Fountain Gate na kuhamia Babati.

Sababu si fumbo. Kupandisha timu kutoka madaraja ya chini ni kazi ya miaka. Kununua iliyokwisha panda ni kazi ya wiki chache. Mwenye fedha hupeleka timu anakotaka, na jina hufuata mfuko wake. Kisheria hajakosea, ila Mbarali haikuulizwa.

Uingereza, Wimbledon ilipopewa ruhusa ya kuhamia Milton Keynes mwaka 2002, mashabiki walianzisha AFC Wimbledon mwaka huohuo. Waliifikisha ligi ya kulipwa 2011. Ubaruku hawana ubavu huo, ndiyo maana shirikisho la soka, TFF, lingepaswa kudai ridhaa ya wanachama na mkoa kabla ya kuidhinisha uhamisho wowote, tena kabla msimu haujaanza.