SEHEMU YA 4: Likizo hii ya Juni, nendeni kijijini mkakae

Mama mwenzangu, acha zile safari za kwenda Kiomboi asubuhi na kurudi Singida mjini jioni. Mtoto kampa bibi mkono, kala pilau, kalala kwenye gari. Hapo katembea nini?

Mimi nasema kaeni hata siku saba, mlale kwa bibi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi na mtoto apewe! Apepete mtama, afukuze kuku kwenye alizeti iliyoanikwa, ajifunze kusalimia kwa Kinyiramba. Wangapi kati yetu tunabaki kuwatafsiria watoto maneno ya bibi yao wenyewe? Bibi hatatusubiri milele.

Najua mnaogopa malaria. Ogopeni, ila msiache kwenda. Bebeni chandarua chenye dawa, ORS na kadi ya kliniki. Maji ya kunywa chemsheni. Mwili wa mtoto ukichemka, zahanati ndani ya saa 24, msingoje siku ya kurudi mjini.

Na msiende mikono mitupu jamani. Sukari, sabuni, chumvi. Siku saba za wageni, bibi naye ana bajeti yake.